Masaa Sita kati ya Lilongwe na Montreal

Siku mdogo wangu alipopata habari kwamba safari yake ya Kanada imepitishwa, wanawake wa kanisa walipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, na mama akauliza swali moja ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulijibu. Aliuliza kule ni mbali namna gani.

Mdogo wangu akasema ni mbali sana. Mama akamtazama kama anavyonitazama mimi nikimwambia mteja kwamba nguo yake itakuwa tayari karibuni. Akasema "sana" si kipimo. Alitaka kujua, tangu ndege iache ardhi hapa Lilongwe mpaka ikanyage chini kule Montreal, ni masaa mangapi. Najua kuna walimu watakaonikemea kwa kusema masaa. Watasema wingi wa saa ni saa. Lakini kwetu saa ni ile ya mkononi, na masaa ni yale unayokaa ukisubiri, na mama alikuwa anauliza habari ya kusubiri.

Hapo ndipo nilipojiingiza, na sikuombwa. Mimi ni fundi wa kushona. Nina kibanda cha nguzo na turubai karibu na soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nashona sare za shule, magauni ya kwaya, na suruali za wanaume wanaonenepa bila kukubali. Lakini kwetu Bukavu nilisomea ualimu, na somo langu lilikuwa hesabu. Ukimbizi umeninyang'anya nyumba na chaki, ila tabia ya kusahihisha watu umeniachia. Mtu akisema mbele yangu kwamba jambo fulani halijulikani, mwili mzima unaniwasha. Nikamwambia mama anipe wiki mbili.

Mdogo wangu alikuwa anaondoka peke yake. Alifika Malawi miaka miwili kabla yetu, kwa hiyo faili lake lilifunguliwa peke yake, na waumini wa parokia moja huko jimbo la Kebeki wakamdhamini yeye. Faili la mama na langu liko mahali fulani kwenye kabati. Tunaambiwa tusubiri, na tunasubiri. Jambo hilo hatukulizungumza sana nyumbani. Tulizungumza masaa.

Nilianzia Lilongwe. Kila mwezi naomba barua ya ruhusa ya kutoka kambini, naenda mtaa wa Kawale kununua nyuzi na zipu kwa Mmalawi mmoja mpole ambaye simu yake haikosi intaneti. Safari hiyo nilimwomba atafute umbali wa kutoka hapo tulipo mpaka Montreal. Akaandika, tukasubiri, ukatokea mstari mwekundu uliopinda juu ya dunia: kilomita kama elfu kumi na mbili na mia tano, na chini yake muda wa kuruka, masaa kumi na tano kasoro. Nikamuuliza kwa nini mstari umepinda, kwani ndege ina kona? Akafikiri, akasema labda inakwepa bahari. Nikamwambia zikomo, asante ya kwao, nikapanda minibasi ya kurudi na nyuzi zangu, lakini ule mpindo haukunipa usingizi mzuri.

Siku ya tatu nilichukua boga. Nilichora Afrika upande mmoja kwa chaki ya fundi, Amerika upande wa pili, nikaweka alama ya Lilongwe na alama ya Montreal, kisha nikavuta uzi mweusi kutoka hapa mpaka pale. Uzi uliolegea unaenda utakako wewe. Uzi uliovutwa ukakazika unachagua njia yake, na wangu ulipanda juu, ukapita mbali na pale macho yangu yalipotegemea. Nikaelewa. Mstari haukupinda, ni dunia iliyopinda. Nilifurahi peke yangu kibandani kama mtu aliyeokota kitu, mpaka mteja mmoja akauliza kama hilo boga linashonwa. Jioni mama alilipika pamoja na Amerika yake.

Jibu la masaa kumi na tano mama hakulikubali. Aliuliza aliyehesabu ni nani, na kama aliwahi kusafiri. Kwa mama, umbali ni kitu cha miguu na mabega. Kutoka Bukavu mpaka Dzaleka tulitumia siku kumi na tisa, kwa lori, kwa boti, kwa basi na kwa kulala chini, na hizo anazikumbuka moja moja. Basi nikaamua kumpa kipimo anachokifahamu. Katika shule moja ya kambini kuna ramani ya dunia iliyopakwa ukutani, bahari imebanduka rangi lakini nchi kavu zipo. Nilikwenda na metre yangu, ule utepe wa kupimia nguo. Lilongwe mpaka Bukavu, sentimita nne. Lilongwe mpaka Montreal, sentimita thelathini na tisa. Niliandika yote kwenye daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, chini ya kiuno cha mwenyekiti wa kwaya.

Nikamwambia mama kwamba ni karibu mara kumi ya safari yetu. Akahesabu kwa vidole, akasema kwa hiyo ni siku mia moja na tisini. Nikasema hapana, ndege ni ya haraka. Akasema mwanzoni hata dereva wa lori alituambia hivyo.

Tiketi ilipokuja ndipo nikajua kwamba mstari wa simu na uzi wa boga vyote vilikuwa njia ya ndege ambayo haipo. Hakuna ndege inayotoka Lilongwe ikanyoosha mpaka Montreal. Mdogo wangu angeondoka Jumanne saa nane na nusu mchana, aende kwanza Addis Ababa, ambako ni juu na mashariki, yaani anakwenda Magharibi kwa kuipa mgongo. Addis asubiri, apande ndege kubwa usiku, ashuke Toronto asubuhi ya Jumatano. Toronto asubiri tena, apande ndege ndogo, na afike Montreal saa saba na dakika hamsini mchana. Nilipima vipande hivyo pia, Lilongwe mpaka Addis sentimita saba na nusu, Addis mpaka Toronto sentimita arobaini, nikaviandika. Sikuviangalia tena. Laiti ningeviangalia.

Hapa lazima niseme habari ya saa, maana ndiyo iliyonitia kiburi. Tiketi haikusema saa nane na nusu, ilisema 14:30. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka, na Wamalawi wanahesabu kama Waingereza. Nilipokuwa mgeni, mama mmoja wa Area 36 mjini Lilongwe, mwenye duka la nguo, aliniambia nimletee kazi yangu "thu koloko", ndiyo "two o'clock" yao. Nikasikia mbili. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake na mfuko wa magauni mapajani, na nilikaa pale mpaka saa nane mchana, alipotokea akitabasamu na kusema nimewahi. Masaa sita. Tangu siku hiyo sikukosea tena. Nikisikia saa ya wenyeji, ninapunguza sita ndipo ninaelewa. Nikitaja yangu, naongeza sita ndipo naitamka. Nimewafundisha wengine hapa kambini, na nimewacheka walioshindwa.

Kwa hiyo mama mmoja wa Uvira, ambaye angempokea mdogo wangu kule, alipotutumia sauti kwenye simu, nilisikiliza kwa nusu sikio. Alisalimia, akabariki, akasema amejiandaa, kisha akamaliza hivi: "Musisahau, kati ya saa yenu na saa yetu kuko masaa sita." Nikacheka. Saa yetu ya Kiswahili na saa yao ya kizungu, nani asiyejua? Nikamwambia mdogo wangu kwamba huyu mama anadhani sisi tumetoka porini jana.

Nikakaa na tiketi, nikapunguza sita kila mahali palipostahili, nikatoa. Kutoka saa nane na nusu ya Jumanne mpaka saa nane kasoro dakika kumi ya Jumatano ni masaa ishirini na tatu na dakika ishirini. Nikampelekea mama hesabu hiyo kama fundi anayepeleka suti ya harusi. Akaipokea. Akasema hata siku moja haitimii. Nikasema ndiyo, haitimii.

Ndipo akaniambia alichokuwa anakitafuta wakati wote huo.

"Mi sitakula kitu mupaka mutoto wangu akanyage udongo ya kule," alisema. "Nilikuwa naogopa kama ni siku tatu, sitaweza. Siku moja naweza."

Kwa wanawake wetu wa maombi, kufunga kwa ajili ya msafiri ni jambo la kawaida, nami nisingestuka kama si sukari. Mama ana sukari. Vidonge vyake havitaki tumbo tupu, na tumeshaonywa. Nikabishana naye kidogo, si sana, maana hesabu ilikuwa yangu na ilionekana salama. Angekula vizuri Jumanne mchana, alale, anywe maji, na Jumatano saa nane chakula kiwe mezani. Nikakubali. Nilijua nakubali kitu cha hatari kwa sababu nilikuwa na uhakika wa tarakimu zangu nne, 23:20.

Jumanne asubuhi basi lilikuja kuwachukua wasafiri. Mama na mdogo wangu waliagana mlangoni kwetu, kwa ufupi, kwa sababu mama alikataa kwenda kulia mbele ya watu. Mimi nilimsindikiza mpaka basi. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea, la bluu lenye mifuko miwili mikubwa, na alikuwa anaingiza mikono humo na kuitoa. Aliniambia nimwangalie mama. Nikamwambia aache maneno ya wazee, apande.

Saa nane na nusu mama alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Aliangalia saa yake ya mkononi, akaweka kikombe chini, akafunga.

Saa hiyo ya mama imetugombanisha kwa miaka. Aliinunua Bukavu, na ameitega kwa jua: saa kumi na mbili asubuhi mishale yote miwili inasimama juu kwenye kumi na mbili, na saa mbili asubuhi mshale mfupi uko kwenye mbili. Watu wengi wetu wanaiacha saa iseme kizungu na wao wanageuza kichwani. Mama alisema hawezi kununua kitu halafu akitafsiri. Nilimtania mbele ya wageni, na mara moja nilimrekebishia kwa siri, akachelewa ibada, akaninunia wiki nzima.

Jumatano aliamka na nguvu. Kwa mazoea ya miaka mingi alimeza kidonge chake cha asubuhi, kwa maji. Nilipomuuliza akaniambia nisiwe na wasiwasi, saa nane si mbali. Alikuwa amehesabu kwa hesabu yangu. Nikaenda kupika. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, samaki na nsima, ugali wa huku, na saa saba wanawake watano wa maombi wakafika, wakaketi kumzunguka, simu ikawekwa juu ya kigoda katikati kama mgonjwa. Ilipofika saa nane kasoro dakika kumi waliimba wimbo wa shukrani. Wimbo ukaisha. Simu ikakaa kimya.

Tulisema labda yuko kwenye foleni ya pasi. Kisha tukasema labda mizigo. Saa tisa mwanamke mmoja akasema ndege nazo huchelewa, akaeleza jinsi ndege ya shemeji yake ilivyochelewa, na hakuna aliyemsikiliza. Nilimpigia yule mama wa Uvira, hakupokea. Nilimwandikia, ujumbe ukakaa na alama moja, haujamfikia. Nikaleta sahani ya mama, akaisogeza kando bila kuiangalia.

Saa kumi ilipita. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Dzaleka inaingia mpaka kwenye meno, na mama alikuwa anatoka jasho puani. Mkono wake ulitetemeka juu ya goti. Nikajua sukari imemshuka, nikapiga magoti nikampa chai ya sukari, akafumba mdomo. Wanawake walimsihi, na mmoja alimwambia Mungu haangalii saa. Mama akajibu kwa sauti ndogo niliyoisikia mimi tu.

"Kama ile ndege ilianguka, mi nitakula ya nini?"

Niliogopa. Niliogopa kwa aliye hewani na kwa aliye mkekani, na kwa huyu wa mkekani niliona aibu ikichanganyika na woga, maana ni mimi niliyemwambia saa nane. Nilikuwa na vitu viwili tu mkononi, tiketi na daftari la vipimo. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalofanya gauni linapokataa kukaa mwilini mwa mteja: nikarudi kwenye vipimo, kipande kwa kipande.

Lilongwe mpaka Addis, sentimita saba na nusu. Kwenye tiketi, kutoka 14:30 mpaka 19:45, masaa matano na robo. Addis mpaka Toronto, sentimita arobaini. Kutoka 22:40 mpaka 07:30. Nikahesabu kwa vidole kama mama. Masaa tisa kasoro. Nikahesabu tena. Kipande kifupi kimekula masaa matano, na kipande cha mara tano yake kimekula masaa tisa tu. Haiwezekani. Ukiletewa kitambaa cha kushona mikono na kikatosha gauni zima, usishukuru, tafuta kosa. Palikuwa na masaa yaliyomezwa mahali fulani juu ya bahari.

Nikasikia ile sauti ya mama wa Uvira kichwani mwangu kama ananipigia wakati huo. Kati ya saa yenu na saa yetu kuko masaa sita. Hakuwa anasema Kiswahili na kizungu. Alikuwa anasema jua. Kule jua linachelewa masaa sita kufika, na tiketi imeandikwa kwa jua la kila mahali inapotua. Nilisoma hayo darasani Bukavu, nikayakariri kwa Kifaransa, nikapata alama nzuri, halafu nikawa mjuzi wa masaa sita yangu mwenyewe hata nisisikie ya mwenzangu. Kuuliza si ujinga, tunasema. Mimi sikuuliza, na mama yangu alikuwa anatetemeka.

Nilimshika bega nikamwambia ndege haijaanguka, nimekosea. Kwanza hakusikia neno la pili, kisha akalisikia zaidi ya la kwanza.

"We umekosea?"

Nikasema ndiyo. Mbele ya wanawake watano nikaeleza: safari si masaa ishirini na tatu, ni ishirini na tisa na dakika ishirini. Saa saba na dakika hamsini ya mchana iliyoandikwa ni ya kwao, na mchana wao bado. Hapa itakuwa saa mbili kasoro dakika kumi usiku ndipo atakapofika Montreal. Wanawake wakanung'unika, mmoja akauliza inawezekanaje siku moja ikawa na mchana mara mbili. Nikatafuta boga kwa macho, nikakumbuka tulilila.

Mama aliuliza saa hii kule ni saa ngapi. Hapa ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, wanayoita 16:30. Nikatoa sita. Nikamwambia kule ni asubuhi, na saa zao za ukutani zinasema kumi na nusu.

Akanyoosha mkono, akatazama saa yake. Sote tukainama kutazama. Mshale mfupi ulikuwa katikati ya kumi na kumi na moja, mrefu kwenye sita. Nikatazama, nikatoa tena kichwani, nikaongeza, nikarudia. Ilikuwa kweli. Saa aliyoitega kwa jua la Bukavu, ile niliyoicheka miaka yote, ilikuwa inasema saa ya Kanada sawasawa.

"Kumbe yangu ilifika zamani," mama akasema.

Wanawake walicheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, lakini chai bado ilikuwa mkononi mwangu na bado hakuwa ameinywa. Masaa matatu na zaidi yalikuwa yamebaki. Nilijua mama hatayafikisha bila kula. Ndipo mama, ambaye hakusoma hata darasa moja la sheria, akaanza kuniuliza kwa utaratibu. Sasa hivi mdogo wako iko hewani? Nikaangalia tiketi. Hapana, ameshuka Toronto, anasubiri ndege ndogo. Alishuka saa ngapi? Saa saba na nusu ya mchana kwa huku kwetu. Na hiyo Toronto ni nchi nyingine?

Nikasema hapana, mama, ni Kanada.

"Mi nilisema udongo ya kule. Sikusema Montreal." Akapokea kikombe. "Amekanyaga zamani. Ni weye ulinikatalisha kula."

Alikunywa chai yote, akanywa na ya pili, kisha uji. Baada ya muda mkono ukatulia juu ya goti. Wanawake walikula sombe iliyopoa, wakasema ni nzuri, wakaondoka giza lilipoanza kuingia, na najua njiani walinisema vizuri. Sikuwalaumu. Nilikaa karibu na mama nikimhesabia pumzi bila yeye kujua.

Simu ililia saa mbili na robo usiku. Mama aliipokea kabla yangu. Mdogo wangu alianza kusema amefika, na kwamba ajabu, huku bado ni mchana, na mama akamkatiza akamwambia anajua, huko kwenu ni saa mbili na robo. Nikamsikia akiuliza nani amemwambia. Mama akasema ana saa. Walizungumza juu ya gauni, na baridi ya ndani ya ndege, na chakula alichopewa kilichofungwa vizuri lakini hakina chumvi. Mdogo wangu aliuliza kama mama amekula. Mama akasema alikula uji, na sasa atakula nsima.

Nilipasha moto samaki, nikamwekea. Alikula matonge mawili, akanawa vidole bila sababu, akanitazama.

"Na ya kurudi ni masaa ngapi?"

Hesabu hiyo ningeweza kuifanya. Ukirudi unakimbilia jua, tiketi itaonyesha masaa mengi kuliko uliyosafiri kweli, sita yanazidi badala ya kupungua. Tayari nilikuwa nayo kichwani na nilikuwa na hamu ya kuieleza. Lakini hakuwa anauliza hiyo. Kuna karatasi ambazo mdogo wangu atapaswa kuzipata kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege ya kuja huku, na kuna kazi atakayopaswa kuipata kwanza na kutoiacha. Katika wote walioondoka Dzaleka tangu tufike, nimemwona mmoja tu aliyerudi kutembelea watu wake, na alikuja baada ya miaka saba, akamkuta mama yake makaburini. Mama alimfahamu yule marehemu. Walikuwa wanaimba sauti moja.

Nikamwambia ni masaa yaleyale. "Makumi tatu, mama. Siku moja na kidogo."

Sijui kama aliamini. Siku hiyo alikuwa amekwisha kuona ninavyohesabu. Kisha alisukuma sahani mbele yangu.

"Basi uniongezee," akasema. "Anikute niko na nguvu."